Vyoo vya marumaru, matumbo yenye minyoo: usafi wa Warumi wa kale

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Warumi walikuwa na vyoo vya umma vyenye maji ya kutiririka miaka 2,000 iliyopita. Mmoja akauliza, je, walikuwa wanatawaza kwa nini? Mwingine akasema amesikia kwamba choo kizima walichangia sifongo moja. Ni kweli? Vyoo hivyo viliwakinga na maradhi? Na nani alikuwa anavisafisha?

JIBU: Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Vyoo vyenye maji ya kutiririka vilikuwepo, na magofu yake yapo hadi leo, mengine yamesimama vizuri kabisa. Sifongo nayo ilikuwepo. Kinga dhidi ya maradhi ndiyo iliyokosekana, au ilikuwa ndogo mno kuliko tunavyodhani tukiyatazama mawe yale. Warumi walijenga ili kuondoa maji yaliyotuama, tope na uvundo. Njia anayopita mnyoo kutoka tumbo la mtu mmoja hadi la mwingine hawakuijua, na baadhi ya mambo waliyoyafanya kwa nia njema yaliipanua njia hiyo. Nalisema mapema kwa sababu hata katika fani yangu ya afya ya mazingira wako watu wanaosimulia habari za Warumi kana kwamba mawe peke yake yaliponya watu.

Tuingie chooni kwanza. Ostia ulikuwa mji wa bandari wa Roma, na karibu na mabafu ya katikati ya mji kuna choo cha umma kinachopigwa picha sana na watalii. Benchi la marumaru limefuata kuta, lina matundu yapatayo 20. Tundu limekatwa juu ya benchi, kisha mkato unashuka upande wa mbele, katikati ya magoti ya aliyeketi. Chini ya benchi kuna mtaro wenye kina. Maji yaliyopita humo yalisomba kinyesi kukipeleka kwenye mfumo wa maji taka wa mji. Katika vyoo vingi vya namna hii kuna pia kijifereji chembamba sakafuni, mbele ya miguu, kilichopitisha maji safi zaidi. Kati ya tundu na tundu ni kama nusu mita tu, wala hakuna ukuta au pazia. Mtu aliketi bega kwa bega na mwenzake, vazi lake likimfunika magoti.

Ushahidi wa vyoo hivi tunao pia katika bara letu. Timgad, Aljeria, mji ulioanzishwa kwa amri ya Kaisari Trajan mwaka 100 BK, kuna choo ambacho sehemu za kuegemeza mikono zilichongwa kwa umbo la pomboo. Dougga, Tunisia, kuna benchi lililopinda kama kwato lenye matundu 12, jirani na bafu la umma. Leptis Magna, Libya, navyo vipo. Ukipata picha za miji hiyo mitatu, waoneshe wanafunzi, waone kwamba Dola ya Kirumi haikuwa mambo ya Ulaya peke yake.

Kwamba watu hawakuoneana haya, tunajua kutokana na maandishi yao. Mshairi Martial alimwandika mtu aitwaye Vacerra aliyekuwa akihama choo hadi choo kutwa nzima. Tumbo halikuwa linamsumbua; alikuwa akitafuta wa kumwalika chakula cha jioni. Na Ostia hiyohiyo kuna chumba kilichochorwa wahenga saba wa Ugiriki, kila mmoja na wosia wake wa chooni. Solon anapapasa tumbo ili apate choo vizuri. Thales anawashauri waliofunga choo wakaze. Chilon mjanja anafundisha kutoa hewa bila sauti. Wanafunzi watacheka, na wacheke, maana waliochora walitaka watu wacheke.

Lakini hesabu ya vyoo hivyo ni muhimu. Orodha za majengo ya Roma zilizoandikwa karne ya 4 BK zinataja vyoo vya umma 144. Mji huo ulipokuwa kileleni, karne tatu kabla ya hapo, unakadiriwa kuwa na watu milioni moja. Gawanya ubaoni: choo kimoja kwa watu karibu 7,000. Hata ukichukua nusu ya idadi hiyo ya watu, bado ni wazi kwamba sehemu kubwa ya kinyesi cha Roma haikupitia kwenye marumaru. Ilikokwenda ndiko nitakakokaa zaidi. Kwanza nimalize habari ya sifongo, maana ndiyo iliyowasha darasa.

Ni sifongo ya baharini, ya Mediterania, iliyokaushwa na kufungwa kwenye ncha ya kijiti. Ushahidi wake maarufu unahuzunisha, na umri wa wanafunzi wako utakuongoza kama uusimulie au la. Mwanafalsafa Seneca, akiandika miaka ya 60 BK, anaeleza habari za mtu mmoja kutoka Germania aliyewekwa katika shule ya watu wa kupambanishwa na wanyama wakali. Alipokuwa akiandaliwa kwa maonyesho ya asubuhi alikwenda haja, kwa kuwa huko tu ndiko alikoweza kuwa bila mlinzi. Akakishika kijiti chenye sifongo kilichowekwa chooni, akajisokomeza kooni mpaka pumzi ikakatika. Seneca alikisimulia kifo hicho kama mfano wa mtu aliyekataa kufanywa mchezo. Na humohumo, pembeni ya msiba wa binadamu yule, ndimo tulimojulia kwamba kijiti hicho kilikuwa kifaa cha kawaida cha msalani.

Kilitumika vipi? Hapo wataalamu wamegawanyika. Wengi husema mtu alikiingiza kwenye ule mkato wa mbele wa kiti, akajifuta, akakisuuza katika maji yaliyopita miguuni. Wengine wanashikilia kuwa ilikuwa brashi ya kusugulia kiti na tundu baada ya kumaliza, na hoja hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 2012 kutoka kwa mtaalamu mmoja wa Austria. Mimi naegemea upande wa wengi, kwa sababu ule mkato na kile kijifereji vinaeleweka kirahisi zaidi ukikubali kwamba mkono wenye kijiti ulipita hapo. Ndoo ya siki au maji ya chumvi inayotajwa sana mitandaoni haimo katika maelezo ya Seneca. Tena usiwaambie wanafunzi kwamba sifongo ilikuwa moja kwa choo kizima. Idadi hiyo ni nyongeza ya wasimuliaji wa siku zetu. Kuchangia kwenyewe hakuna shaka, kwa sababu kijiti cha Seneca kilikuwa kimewekwa pale, hakikuja na aliyeingia.

Na si kila mahali palikuwa na sifongo. Katika ngome ya Kirumi ya Bearsden, Uskoti, ya katikati ya karne ya 2 BK, wachimbaji walikuta kwenye mtaro uliopokea uchafu wa choo cha askari mabaki ya ile mimea laini inayoota juu ya mawe na magogo yenye unyevu, na wanaamini ndiyo waliyojifutia. Wagiriki kabla yao walitumia vijiwe na vigae.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwa mtu wa afya ni muhimu kuliko ubishi wote huo. Sifongo ya kuchangia inaweza kumhamishia mtu vijidudu vya kuhara na kuhara damu, hilo halina mjadala. Lakini haingeweza kueneza sawasawa minyoo ya michango, ile ya mviringo iliyowasumbua sana Warumi. Yai la mchango likitoka na kinyesi bado halijaiva. Linahitaji wiki kadhaa kwenye udongo wenye joto na unyevu ndipo liweze kuambukiza. Ukilimeza siku hiyohiyo halikufanyi kitu. Kwa hiyo kitu kinachotuchukiza zaidi katika habari hizi sicho kilichokuwa mlango mkuu wa minyoo. Ukitaka kuuona mlango huo, toka msalani ufuate kinyesi kinakokwenda.

Wengi wanadhani kilikwenda kwenye Cloaca Maxima, ule mtaro mkuu wa Roma. Kiasi fulani ndiyo. Ila mtaro huo haukuanzishwa kwa ajili ya vyoo. Mapokeo ya Warumi wenyewe yanausogeza hadi enzi za wafalme wa ukoo wa Tarquinius, karne ya 6 KK, na kazi yake ilikuwa kukausha bonde la kinamasi katikati ya vilima, pale palipokuja kuwa uwanja mkuu wa mji. Mwanzoni ulikuwa wazi, baadaye ukafunikwa kwa tao la mawe. Mwaka 33 KK Agrippa, rafiki na mkono wa kuume wa Augusto wa baadaye, aliusimamia usafishwe, na inasimuliwa kwamba alipita ndani yake kwa mashua hadi mto Tiber. Mwandishi Pliny Mkubwa alijivunia kwamba gari lililosheheni majani makavu lingeweza kupita humo. Mdomo wake bado unaonekana kando ya mto Tiber, na sehemu zake zinapitisha maji hadi leo.

Maji ya kuisukuma mitaro hiyo yalitoka mbali. Mfereji wa kwanza wa kuleta maji Roma, Aqua Appia, ulijengwa mwaka 312 KK, na hadi mwaka 226 BK ilikuwa imefikia 11. Frontinus, aliyeteuliwa mwaka 97 BK kuwa msimamizi wa maji ya mji, aliandika waziwazi kwamba lazima kuwe na maji ya ziada yanayomwagika, ili yasafishe mitaro na kuleta afya mjini. Hilo lilikuwa wazo zuri la kihandisi. Mabomba ya mji yalitiririka usiku na mchana, na kilichomwagika kikafanya kazi ya pili.

Ila kila kilichosombwa kiliishia mtoni. Mshairi Juvenal anamtaja samaki wa Tiber aliyenenepa kwa uchafu wa mtaro, aliyezoea kuingia ndani ya bomba mpaka chini ya mtaa wa Subura. Katika shairi lile samaki huyo anawekwa mbele ya mgeni maskini, na tajiri mwenye karamu anakula wake mzuri.

Na sheria yao inaonesha walichokuwa wakikiogopa. Mwanasheria Ulpian anaeleza kwa nini hakimu mkuu aliwalinda kwa amri waliotaka kusafisha na kukarabati mitaro: mitaro michafu huleta hewa ya maradhi na kubomosha majengo. Hewa! Kwao harufu ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Varro peke yake, akiandika karne ya 1 KK juu ya mashamba yaliyo karibu na vinamasi, alikisia kwamba kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaingia kwa mdomo na pua na kuleta maradhi mazito. Sentensi hiyo kila nikiisoma inanisisimua. Haikuendelezwa, na hakuna aliyeihusisha na choo.

Twende majumbani sasa. Pompeii na Herculaneum, miji iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, ndiyo inayotuonesha vizuri, kwa kuwa nyumba ziliachwa kama zilivyokuwa. Nyumba nyingi zilikuwa na choo, jambo ambalo miji mingi ya dunia ingelikosa kwa karne nyingi baadaye. Lakini angalia kilipokuwa: jikoni, au kwenye kipembe kinachopakana na jiko. Ubao wenye tundu, pembeni ya meko, mara nyingi bila mlango. Sababu inaeleweka. Maji machafu ya jikoni, maganda na mifupa vilitupwa hapohapo, na ndoo moja ya maji ikasukuma vyote. Aliyekuwa anakanda mkate na aliyekuwa anajisaidia walitenganishwa na hatua mbili tatu, na nzi hakuhitaji hata hizo.

Chini ya ubao ule kulikuwa na shimo. Nyumba chache sana za Pompeii ziliunganishwa na mitaro ya barabarani, na hilo linawashangaza wengi kwa sababu mtaro mara nyingine ulipita jirani tu. Ila mwenye nyumba hakuwa mjinga. Warumi hawakuwa na lile bomba lililopinda ambalo hubakiza maji kidogo chini ya choo na kuzuia hewa isirudi juu. Hataza ya kwanza ya bomba hilo la choo ilitolewa London mwaka 1775, kwa Alexander Cumming. Bila pindo hilo, kujiunga na mtaro ni kufungua tundu kati ya jiko lako na uchafu wa mji mzima. Uvundo na gesi vinapanda, panya wanapanda, na Roma mto Tiber ukifurika maji ya mtaro yanarudi nyuma na kuibukia ndani ya nyumba. Mwandishi Aelian anasimulia kisa cha pweza mkubwa huko Puteoli, karibu na Naples, aliyeingia kwa njia ya mtaro ndani ya ghala la wafanyabiashara kutoka Hispania, usiku baada ya usiku, akivunja mitungi na kula samaki wa chumvi, mpaka wakamvizia na kumkata kwa mashoka. Kama pweza alikuwa vile kweli au kisa kimetiwa chumvi, kinatuonesha watu walifikiri nini juu ya tundu la mtaro.

Kwenye majengo ya ghorofa ya Roma, wapangaji wa juu walitumia vyungu. Kimoja cha namna hiyo, cha karne ya 5 BK kutoka Gerace, Sicily, kilichunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: ndani kulikuwa na utandu mgumu, na ndani ya utandu huo mayai ya minyoo mjeledi, aina nyingine ya minyoo ya tumbo. Ndivyo ilivyojulikana kwa hakika kwamba chombo kile kilikuwa cha haja. Wengine walivimwaga vyungu dirishani, kama Juvenal anavyolalamika kwa mtembea usiku. Sheria haikunyamaza. Mtu akidhurika kwa kitu kilichomwagwa au kutupwa kutoka juu, mkaaji wa chumba alidaiwa fidia maradufu ya hasara. Mtu huru akifa, adhabu ni sarafu 50 za dhahabu. Na ukutani Pompeii kuna mchoro wa mtu amechuchumaa katikati ya nyoka wawili, mungu wa kike Fortuna amesimama kando, na maandishi yanayomwonya anayejisaidia hapo ajihadhari na balaa.

Shimo likijaa lazima litapishwe. Hapa ndipo kinyesi kilipogeuka mali. Columella, aliyeandika juu ya kilimo karne ya 1 BK, anaipa samadi ya ndege nafasi ya kwanza na ya binadamu nafasi inayofuata, juu ya ile ya ng'ombe. Sheria ya enzi za Julius Caesar iliyozuia magari ya kukokotwa yasizunguke Roma mchana iliyaruhusu yale yaliyobaki mjini tangu usiku kutoka mchana yakiwa matupu au yamebeba samadi. Wakulima wa pembezoni waliingoja. Mboga walizozimwagia ndizo zilizorudi mjini asubuhi, na nyingine zililiwa mbichi.

Rudi sasa kwenye yai la mchango. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Yai lina ganda gumu, linastahimili baridi na ukame, na linaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka likiwa hai. Udongo wa shambani wenye samadi mbichi ndio mahali linapotaka kufika. Linaivia hapo, linashika kwenye jani la saladi, linaliwa, linaanguliwa tumboni, na mzunguko unaanza tena. Samadi ikilundikwa miezi mingi ikachemka kwa joto lake yenyewe, mayai mengi yanakufa, na wapo waandishi wa Kirumi walioshauri ikae kabla ya kutumika. Walishauri hivyo kwa ajili ya mazao. Mkulima mwenye haraka ya kupanda hakuwa na sababu nyingine ya kungoja.

Ganda hilohilo gumu ndilo linalotuwezesha kujua haya. Mtafiti huchukua udongo uliotuama ndani ya fupanyonga la mifupa ya kale, au masalia ya shimo la choo, huulainisha kwa maji, huuchuja kwa vichujio vyembamba, kisha hutazama kwa hadubini. Yai la mnyoo mjeledi halikosewi: lina umbo la pipa lenye kizibo kila upande, na urefu wake ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Piers Mitchell wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya matokeo ya aina hiyo kutoka pande nyingi za Dola na kuyachapisha mwaka 2016. Alitarajia, kama mimi au wewe tungetarajia, kuona minyoo ya tumbo ikipungua Warumi walipoleta vyoo, mabafu na mitaro. Haikupungua ikilinganishwa na enzi iliyotangulia. Minyoo mjeledi, michango na vimelea vya kuhara damu vilikuwa vimeenea, na chawa na viroboto walikuwa wengi kama kwa watu wasiooga kwa desturi.

Tegu wa samaki naye alienea kuliko zamani. Mitchell alipendekeza sababu ambayo naiona ya maana: garum, ule mchuzi wa samaki uliochachushwa kwa chumvi juani bila kupikwa, uliosafirishwa kwa mitungi kila pembe ya Dola. Ikiwa samaki wa maji baridi aliyeambukizwa alitiwa humo, tegu alisafiri na biashara.

Juu ya mabafu sitakaa sana. Waliingia wazima na wagonjwa katika dimbwi moja, na maji hayakubadilishwa kila mara. Kaisari Marcus Aurelius, ambaye hakukosa bafu zuri, aliyaeleza maji ya kuoga kuwa mafuta, jasho, uchafu na maji ya kunata, yote ya kuchukiza. Celsus, mwandishi wa tiba wa karne ya 1 BK, alionya kwamba kuoga ukiwa na kidonda ambacho hakijasafika ni miongoni mwa mambo mabaya kabisa, kwa kuwa kidonda hulowa, huchafuka na huelekea kuoza. Alikuwa sahihi.

Nisieleweke vibaya, Mwalimu. Kupata maji ya chemchemi kutoka milimani, kukausha kinamasi, kutoa tope barabarani, ni mambo yaliyookoa watu; mji wa watu milioni moja usingesimama bila hayo. Ninachokataa ni kusema kwamba walikuwa na mfumo wa afya ya jamii kama tunaouelewa leo. Walikuwa na mfumo wa maji. Mkono unaonawa kwa sabuni kabla ya kukanda unga, samadi inayoiva kabla ya kufika bustanini, choo kilicho mbali na meko: hivyo vitatu ni vya bei nafuu kuliko tao moja la Cloaca Maxima, na vyenyewe ndivyo vingemkatia mnyoo njia.

Imebaki nani aliyesafisha. Mkojo ulikuwa na wateja wake: madobi waliuhitaji kwa ajili ya amonia ya kuondolea mafuta kwenye sufu, wakakanyaga nguo ndani yake kwa miguu mitupu. Kaisari Vespasian, aliyetawala kuanzia 69 hadi 79 BK, aliutoza kodi, na Titus mwanawe alipolalamika, baba alimpelekea sarafu puani akamuuliza kama inanuka. Mitaro ya umma ilikuwa kazi ya adhabu. Pliny Mdogo, akiwa gavana kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Trajan juu ya wafungwa waliokuwa wakilipwa kama watumishi wa miji. Trajan akajibu kwamba wazee waliohukumiwa zaidi ya miaka kumi nyuma wapewe kazi zinazokaribia adhabu: mabafu, kuzibua mitaro, kutengeneza njia. Pliny huyohuyo aliomba ruhusa ya kufunika mtaro uliopita katikati ya barabara nzuri ya mji wa Amastris, akiuita mto kwa jina tu, akaruhusiwa.

Majumbani kazi ilikuwa ya watumwa, au ya watapishaji waliokuja kwa malipo. Malipo yao tunayajua kwa mfano mmoja. Herculaneum kuna maandishi ukutani yanayosema samadi imetolewa kwa as 11, sarafu ndogo ya shaba. Kwa kipimo: baa moja ya Pompeii ilitangaza kikombe cha mvinyo wa kawaida kwa as moja, bora zaidi kwa mbili, na Falerno, mvinyo wa kifahari, kwa nne. Aliyeingia shimoni na kubeba uchafu wa nyumba ile hakuweza kununua vikombe vitatu vya Falerno kwa malipo yake.